Bandu Bandu Huisha Gogo: Lugha ya Kigeni Hupatikana kwa Kusoma Kila Siku

Haya ni maelezo kamili ya hotuba iliyotolewa kwa vijana, wazazi na walimu katika kikao cha uhamasisho kuhusu mafunzo ya lugha na ajira ng'ambo. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mnamo Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Tangu siku hiyo, habari za kazi za Ujerumani zimefika kila soko na kila kijiwe cha bodaboda. Kulisikika hata idadi ya nafasi 250,000 za kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo na kueleza kwamba mkataba wenyewe hautaji idadi yoyote. Kilichomo ni njia halali kwa watu wenye ujuzi. Njia hiyo ina mlango, na mlango una kufuli. Kufuli hiyo ni lugha.

Ni vyema kila mzazi aelewe kufuli hiyo ilivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ujuzi wa lugha za kigeni barani Ulaya hupimwa kwa ngazi sita zilizowekwa na Baraza la Ulaya: A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 kwa wanaoweza kujitegemea, C1 na C2 kwa waliobobea. Kijana anayekwenda Ujerumani kujifunza kazi huku akifanya kazi kwa kawaida huhitajika kufika B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe huko kwa kawaida huhitajika kufika B2.

Mtihani wa B1 wa taasisi ya Goethe, inayofundisha Kijerumani hata hapa Nairobi, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na mtahiniwa hupita sehemu akipata alama 60 au zaidi. Alama za sehemu moja hazifidii upungufu wa sehemu nyingine. Anayezungumza vizuri lakini hawezi kusoma bado hajapita.

Sasa chukulia familia moja. Binti amehitimu diploma ya uuguzi na kwa miaka miwili hajapata kazi. Baba anauza ng'ombe wawili, shangazi anachukua mkopo kwenye chama, na pesa zinalipwa kwa darasa la lugha mjini linaloahidi B1 kwa miezi mitatu. Binti anahudhuria bila kukosa. Jioni anarudi amechoka na hafungui kitabu. Jumapili usiku, kabla ya jaribio la Jumatatu, anakesha akikariri kurasa ishirini. Majaribio ya darasani anayapita moja baada ya jingine, na nyumbani kila mtu ana matumaini.

Siku ya mtihani wenyewe inafika. Katika sehemu ya kusoma anawekewa makala ya gazeti, matangazo, barua za wasomaji na kanuni za mahali fulani, vyote vigeni machoni pake. Ana dakika 65. Anasoma neno baada ya neno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kila jiwe analipima kwanza. Saa inakwisha kabla hajamaliza. Anapata alama 48. Ng'ombe hawarudi, na mkopo wa chama bado unadai.

Binti huyo si mvivu wala si mjinga. Shida yake ina sababu mbili, na zote mbili zingeweza kuonekana mapema.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya saa. Taasisi ya Goethe hukadiria kwamba mwanafunzi anayeanzia chini huhitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 ili afike B1. Tuseme vipindi 500, yaani katikati. Hizo ni saa 375. Anayetaka kuzimaliza kwa siku 90 lazima asome zaidi ya saa nne kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, bila kuugua na bila kwenda matangani. Wachache huweza. Lakini anayesoma saa moja kila siku atazimaliza kwa mwaka mmoja na siku kumi. Hesabu hii inaweza kufanywa na mtoto wa shule, na ifanywe nyumbani kabla ng'ombe hajapelekwa mnadani.

Sababu ya pili ni namna akili ya binadamu inavyohifadhi jambo. Mwaka 1885 msomi Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akipima amesahau kiasi gani baada ya saa, siku na wiki. Aligundua kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, halafu hupungua mwendo. Aligundua jambo jingine pia, ambalo lingemfaa binti wa ng'ombe wawili: marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalimsaidia sawa na marudio 68 yaliyorundikwa siku moja. Yaani kazi ile ile ilifanyika kwa karibu nusu ya nguvu, kwa sababu tu iligawanywa.

Wahenga wa huku walilijua hilo bila maabara waliposema bandu bandu huisha gogo. Anayebandua kipande kidogo kila siku hulimaliza gogo lote. Anayengoja siku moja alishambulie kwa shoka mpaka usiku huamka kesho na mikono yenye malengelenge, na gogo bado lipo.

Kuna mfano wa kijana maskini aliyefuata njia hiyo. Heinrich Schliemann, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1822 na ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kuchimbua magofu ya mji wa kale wa Troy, alikuwa katika miaka ya 1840 tarishi wa ofisi huko Amsterdam. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri na kupeleka barua posta. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alitumia nusu ya mshahara wake mdogo kwa masomo, na kila siku alitenga saa moja ya Kiingereza. Alisoma kwa sauti. Hakutafsiri neno kwa neno. Aliandika insha fupi kuhusu mambo yaliyompendeza, akamwonyesha mwalimu azisahihishe, akazikariri na kuzisema somo lililofuata. Alipotumwa posta alikwenda na kitabu mkononi, hata mvua ikinyesha, na alipopanga foleni alisoma. Anasema Kiingereza alikipata kwa miezi sita.

Alipofika kwenye Kirusi hakupata mwalimu. Akamlipa mtu maskini aje kila jioni akae amsikilize akisoma, ingawa mtu huyo hakuelewa Kirusi hata kidogo. Wapangaji wengine walilalamika kwa kelele, naye akalazimika kuhama nyumba mara mbili. Mwaka 1846 kampuni yake ilimtuma Urusi awe wakala wake, kwa sababu lugha alikuwa nayo. Si lazima mtu amwamini Schliemann kwa kila sifa aliyojipa. La kujifunza kwake ni utaratibu: saa moja, kila siku, kwa sauti, na kitabu mfukoni.

Saa moja si lazima ikatwe kipande kimoja. Mwenye shamba, mwenye kibanda sokoni na mwenye mtoto mchanga hawana saa nzima ya kukaa kimya, lakini wote wana dakika. Saa hiyo inaweza kugawanywa hivi.

Asubuhi, dakika 15: mwanafunzi asome kwa sauti kifungu alichosoma jana. Huu si wakati wa jambo jipya. Ni wakati wa kuukamata ujuzi wa jana kabla haujatoroka.

Mchana, dakika 10: apitie vikaratasi vya maneno. Karatasi ya daftari hukatwa vipande, neno la Kijerumani likaandikwa upande mmoja na maana upande wa pili. Vikaratasi hivi hukaa mfukoni na hutolewa wakati wa kungoja matatu, kungoja mteja au kungoja maji kwenye kituo. Neno linalojulikana hurudishwa chini. Linalosumbua hubaki juu ili likutane naye tena kesho.

Jioni, dakika 25: asome kifungu kipya. Kwanza akisome chote bila kamusi, apate picha ya habari. Halafu achague maneno matano tu yaliyomzuia, ayatafute na kuyaandika. Mwisho akisome tena chote, mara hii kwa sauti. Anayefungua kamusi kwa kila neno hasomi habari, anasoma kamusi.

Kabla ya kulala, dakika 10: aandike sentensi tano kuhusu siku yake. Ameamka saa ngapi, amekula nini, ameonana na nani. Maneno aliyoyasoma hayawi yake mpaka ayatumie kwa mambo yake.

Hizo ni dakika 60. Siku ikivurugika kwa msiba au ugonjwa, afanye zile 15 za asubuhi peke yake. Siku moja ya dakika chache haivunji kitu. Kinachovunja ni wiki nzima ya kusema kesho.

Kifungu cha kusoma kichaguliwe kwa busara. Katika maneno 100, yasiyojulikana yasizidi matano hivi. Yakizidi hapo, kifungu ni kigumu na kitamvunja moyo; akiweke kando, atakirudia baada ya miezi miwili. Hakuna aibu mtu mzima kusoma hadithi ya watoto kwa lugha ngeni.

Kuhusu kusikiliza, upo msaada usiolipiwa zaidi ya bando la intaneti. Deutsche Welle, ambayo wengi hapa wanaijua kwa idhaa yake ya Kiswahili, ina masomo ya Kijerumani ya bure. Miongoni mwake ni mafunzo ya video yanayoitwa Nicos Weg, yanayoanzia A1 hadi B1, na taarifa ya habari inayosomwa polepole kwa wanafunzi pamoja na maandishi yake. Mwanafunzi asikilize huku macho yakifuata maandishi, kisha asikilize tena akiwa amefunga maandishi.

Kuna vijana wanaokata tamaa mapema kwa kuwa Kijerumani kinaonekana kigumu. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa. Kijerumani kina makundi matatu ya nomino, na kila nomino hutembea na neno lake dogo la mbele: "der Arzt" ni daktari, "die Spritze" ni sindano, "das Bett" ni kitanda. Mtu aliyekua akijua kwamba kiti ni kizuri na mti ni mzuri amezoea ngeli tangu utotoni, na Kiswahili kina ngeli nyingi kuliko tatu. La muhimu ni kujifunza nomino pamoja na neno lake dogo siku ile ile ya kwanza, na kuviandika pamoja kwenye kikaratasi.

Maneno marefu nayo hutisha kwa mbali tu. "Krankenhaus" ni maneno mawili yaliyoshikana, wagonjwa na nyumba: nyumba ya wagonjwa, yaani hospitali. "Handschuh" ni mkono na kiatu: kiatu cha mkono, yaani glavu. Anayesoma kila siku huanza kuyaona maungo ya maneno kama mchinjaji anavyoyaona maungo ya mbuzi, akajua mahali pa kupitisha kisu.

Tena Kijerumani si mgeni kabisa katika nyumba ya Kiswahili. Neno shule limetokana na "Schule" ya Kijerumani, na hela ni "Heller", sarafu iliyotumika Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani. Kila mzazi anayelalamika kwamba hana hela ya shule ametamka maneno mawili yenye asili ya Kijerumani bila kwenda darasani.

Wazazi wana sehemu yao, na haihitaji wajue lugha hiyo. Msikilizaji wa Schliemann hakuelewa neno lolote, lakini kukaa kwake kulimfanya kijana asome. Mama anayeketi jikoni na kumwambia binti, "Haya, nisomee mwanangu," amefanya kazi ile ile. Baba anayempunguzia kijana kazi za jioni kwa dakika 25 amemlipia karo ambayo hakuna risiti yake.

Sehemu nyingine ya wazazi huanza mapema zaidi. Kijana asiyezoea kusoma kwa Kiswahili au Kiingereza hataanza kuzoea kwa Kijerumani. Jicho linalosoma haraka, akili inayokisia maana ya neno kutokana na majirani zake, na subira ya kufika mwisho wa ukurasa ni tabia zinazojengwa kwa lugha inayoeleweka. Mtoto wa darasa la nne anayemsomea bibi yake ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi kila jioni, au habari moja ya Taifa Leo gazeti linapopatikana, anajiandalia lugha yoyote atakayoihitaji baadaye. Naye bibi amepata habari.

Hapa ndipo maktaba inapoingia. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, maktaba ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kama zilivyo elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo mwananchi anayehudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ana haki ya kuuliza kuhusu maktaba kama anavyouliza kuhusu barabara na zahanati: inafunguliwa saa ngapi, ina vitabu gani vya lugha, na mwanafunzi asiye na umeme nyumbani anaweza kuketi hapo mpaka saa ngapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vijana wanne au watano wa wadi moja wanaojifunza lugha moja wanaweza pia kukutana hapo mara moja kwa wiki, wakasomeana sentensi zao tano na kusahihishana.

Kuna onyo moja la mwisho kwa familia. Anayeahidi kazi ya ng'ambo bila mtihani wa lugha, au cheti cha lugha bila kusoma, anauza hewa. Cheti cha kughushi kinaweza kumnyima kijana viza, na hata akivuka nacho hakitamsaidia siku mgonjwa atakapomweleza mahali anapoumwa. Kabla ya kulipa ajenti yeyote, familia ithibitishe kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, idai risiti, na isome mkataba mzima kabla ya kuutia sahihi. Kusoma mkataba nako ni kusoma. Tabia ya kufika mwisho wa ukurasa imeokoa mashamba mengi.

Na kwa kijana atakayesema kwamba mwaka mmoja ni mrefu mno, iko habari ya Mjerumani aliyekuja upande huu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo homa ilimchukulia mke wake na mtoto wao mchanga. Hakukuwa na kamusi ya Kiswahili ya kununua dukani. Aliwasikiliza wenyeji, akauliza, akaandika neno baada ya neno. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Ujerumani. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki na miaka 38 tangu ashuke Mombasa.

Krapf alikijua Kiswahili kwa kukaa na maneno ya watu wa pwani hii siku baada ya siku, akiwa na homa na akiwa na huzuni. Kijana wa leo ana kamusi kwenye simu, ana masomo ya bure, ana mwalimu mjini na jirani anayejifunza naye. Anachodaiwa ni saa moja kwa siku.

Basi binti wa ng'ombe wawili bado ana nafasi. Katika mtihani wa B1 wa Goethe, aliyefeli sehemu moja anaweza kuirudia sehemu hiyo peke yake. Alama 12 ndizo zilizompungukia. Hazitapatikana kwa mkesha wa usiku mmoja, bali zitapatikana jikoni, kituoni na kwenye foleni. Aanze leo jioni kwa kifungu kimoja kifupi, asome kwa sauti, na mtu mmoja nyumbani akae amsikilize.